Figo ya Kushoto na Siku za Jembe

Walisema sitamaliza masika mawili. Walisema mtu aliyekaa Tanga miaka kumi na minane akifungua na kufunga koki hawezi kusimama kwenye mteremko wetu na jembe mkononi, kwamba mgongo wangu umezoea kiti, na kwamba nikishamaliza kula kiinua mgongo changu nitashuka tena mjini kuomba kazi ya ulinzi. Jirani yangu wa upande wa chini, mzee wa rika la marehemu baba yangu, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote. Alisemea kwenye baraza la duka, mimi nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake nikinunua sabuni.

"Huyu mtoto wetu ana diploma," aliwaambia wenzake. "Lakini diploma haipalilii."

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikalipa sabuni yangu nikapanda kwangu. Sikukasirika. Siku hizo nilikuwa nimeacha kukasirika, na nilikuwa nimeacha mambo mengine pia, kama kucheka na kuota ndoto. Nilikuwa nafanya kazi, nakula, nalala.

Niseme mapema mimi ni nani, maana watu wa kwetu wakikusimulia hukupunguza. Nilitoka Malindi, hii yetu ya milimani, nikiwa kijana wa miaka kumi na saba, na shati moja na barua ya mwalimu. Kiwandani Tanga nilianza kwa kufagia. Nikasoma jioni, nikalipa ada mwenyewe, nikafika chuoni, nikatoka na stashahada ya ufundi wa maabara. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna bwana mkubwa aliyenipigia simu. Karatasi hiyo iko ukutani hadi leo, ndani ya kioo. Kazi yangu ilikuwa maji ya boila, yale matangi makubwa ya kuchemshia mvuke wa mashine. Nilikuwa na watu sita chini yangu, na kwa miaka tisa boila zile hazikusimama hata zamu moja kwa sababu ya maji. Aulizwe yeyote aliyekuwepo.

Maji yale yalikuwa na chokaa. Ukiyachemsha, chokaa inaganda ndani ya mabomba, tabaka juu ya tabaka, nyeupe na ngumu kama jiwe, mpaka bomba linaziba na siku moja linapasuka. Tulikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa tindikali ya kuoshea bomba lililokwisha kuziba: unaimwaga, inatoa povu, jiwe linayeyuka. Ya pili tuliitia kidogo kidogo kila zamu, bomba likiwa safi kabisa, ili chokaa isipate pa kushika. Wageni waliotembelea kiwanda walipenda kuonyeshwa ya kwanza, kwa sababu ya povu. Ya pili haikuwa na cha kutazama.

Kisha ikaja ruksa, enzi ya kila mtu kujifanyia biashara. Kiwanda cha umma kikauzwa kwa mtu binafsi, na mtu binafsi akauza mashine kama vyuma chakavu. Wenzangu walilia getini. Mimi nilikuwa wa kwanza kusaini karatasi yangu, nikachukua changu, nikapanda milima. Kwenye sanduku nilitia stashahada, vitabu viwili, na kopo la karatasi za kupimia uchachu wa maji, zile zinazobadilika rangi, kwa sababu hakuna aliyezitaka.

Huku milimani mambo yalikuwa yamefunguka. Malori ya watu binafsi yalikuwa yanapanda kutoka Dar es Salaam kuchukua kabichi, karoti na viazi, bila kupitia ushirika wala kibali cha mtu. Nilinunua kipande kilichopakana na shamba la baba, nikatengeneza matuta kwa kamba na pima maji, yakanyooka kuliko ya mtu yeyote upande ule wa bonde. Nikapanda mboga ambazo wengine waliziogopa: spinachi, bitiruti, liki, vile vitunguu vya majani vya mahoteli. Msimu wa kwanza lori lilijazwa na shamba langu peke yake. Niliezeka nyumba mabati mapya.

Kwetu kuna utaratibu wa kukopeshana jembe. Leo kaya kadhaa zinashuka kwako, kesho kutwa zinakwenda kwa mwingine, mpaka mzunguko unakamilika. Siku uliyolimiwa unailipa kwa siku, na unailipa kwa mwili wako. Aliyefiwa, au aliye mgonjwa, hulimiwa kwanza na kungojwa. Haiandikwi popote, na hakuna anayesahau.

Yule mzee jirani alikuja mwenyewe kunialika, licha ya maneno yake ya dukani. Alisimama ukingoni mwa shamba, hakutaka kukanyaga matuta.

"Tunaanza Jumatatu bondeni," alisema. "Jembe unalo?"

"Mzee wangu, mimi nachukua vibarua. Nawalipa jioni, yanaisha. Siku hizi ni soko huria."

"Soko huria ndiyo nini?"

"Kila mtu na chake."

"Haya," alisema. "Basi hicho chako kiwe na afya."

Mke wangu alikuwa anasikia kutoka mlangoni. Mzee alipoondoka aliniambia kwa Kishambaa kwamba nimemjibu mtu mzima kama karani. Nilimwambia kwamba nimemjibu kwa hesabu. Aliingia ndani.

Nilikuwa nafanya kazi na vibarua wangu tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Huku kwetu kuna baridi, ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne, mtu hasikii kiu. Sikuwa nakunywa maji. Nilikuwa na chupa yangu ya chai ya rangi, nzito, nyeusi kama lami, na mchana nilikula ugali kwa spinachi yangu mwenyewe, sahani imejaa, na chumvi ya kutosha. Nilijiona nakula vizuri kuliko mtu wa kamati ya lishe.

Ilikuwa asubuhi ya wakati wa vuli, tunapanda viazi, maumivu yaliponishika. Yalianzia ubavuni kushoto, nyuma, yakashuka mpaka kwenye kinena. Nilifikiri nimevuta msuli. Baada ya dakika chache nilikuwa nimelala kati ya matuta, nikitapika chai. Hakuna mkao uliosaidia. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa naangalia mdudu mweusi akipanda bonge la udongo, na nikahesabu mara ngapi anaanguka. Vibarua walisimama na majembe yao. Mmoja aliuliza nani atawalipa siku hiyo.

Aliyekimbia kupiga kelele ni mke wangu. Waliokuja ni watu wa bondeni, wale wa mzunguko wa jembe, wakaacha kazi yao katikati. Walinifunga kwenye machela ya miti na mablanketi, wakanishusha kwa kubadilishana mabega mpaka barabarani, mwendo wa saa nzima na nusu, mvua inanyesha. Mzee jirani alitangulia na panga akikata matawi. Njiani nilimsikia akimwambia mwenzake, "Mzito huyu. Elimu ina uzito." Wakacheka, wakaendelea.

Hospitalini Lushoto nilipigwa picha. Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi. Alinionyesha doa dogo jeupe kwenye picha: kijiwe, kwenye mrija unaoshuka kutoka figo ya kushoto. Alisema ni kidogo, kitapita. Nilipewa sindano ya maumivu na maji ya kutosha, nikaambiwa nikojoe kwenye kopo kupitia kitambaa. Siku ya tatu kilitoka, kidogo kuliko punje ya mtama, kimejaa miba. Nilikiangalia. Nilikuwa nimeviona vya namna hiyo maelfu, ndani ya mabomba.

Kabla ya kuniruhusu daktari alinipa chupa kubwa ya kahawia. "Hii ni sitreti ya potasiamu," alisema. "Unachanganya na maji, unakunywa baada ya chakula, kila siku. Maji lita tatu kwa siku, maji siyo chai. Chumvi punguza. Chai nzito na spinachi punguza. Ukimaliza chupa uje nikupime damu, nikupe nyingine."

"Hii inayeyusha jiwe?"

"Hapana. Inazuia lingine."

"Ina uchachu?"

"Hapana. Inapunguza uchachu wa mkojo."

Hapo nilimwona hajui. Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi nina stashahada, kwamba nimeondoa mawe kwenye mabomba miaka tisa, na jiwe la chokaa huondolewa kwa tindikali, siyo kwa kitu kinachoua tindikali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Boila yako ilikuwa inakojoa?" aliuliza.

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua chupa.

Niliinywa mpaka ikaisha. Ilikuwa na ladha ya chumvi na sabuni. Ilipoisha sikurudi. Kwetu dawa inanywewa mpaka mgonjwa anapona. Ukimaliza dozi umemaliza. Mimi nilikuwa sina maumivu, nilikuwa nimepona. Halafu nikajitengenezea yangu kwa akili ya kitaalamu. Kila asubuhi, tumbo tupu, nilikamua ndimu nane kwenye kikombe bila maji nikanywa kwa mkupuo mmoja. Nilihesabu kwamba tindikali ile itaosha figo kama ilivyoosha mabomba. Meno yalikufa ganzi, tumbo likaungua. Nilichukua kuungua kule kama dalili kwamba dawa inafanya kazi. Majirani walipouliza niliwafundisha. Wawili au watatu walianza kunywa ndimu nane pia, kwa kuwa aliyesema ana karatasi ukutani. Chai yangu nyeusi niliendelea nayo. Maji sikuyaongeza.

Kijiwe cha kwanza nilikitia kwenye kiberiti nikakionyesha watu. Mzee jirani alikigeuza kwenye kiganja.

"Ndicho hiki tulichokibeba saa nzima na nusu?"

"Ndicho."

"Safari nyingine zaa kikubwa, tusione aibu."

Kikubwa kilikuja kabla mwaka haujapita. Mara hii hakikushuka. Kilikwama juu, mkojo ukarudi nyuma, figo ikavimba, nikaanza homa ya kutetemeka. Walinibeba tena wale wale. Lushoto walinipeleka hospitali ya rufaa kwa gari, na huko nilipasuliwa ubavuni. Kovu ni refu kama kiganja na nusu. Nakumbuka taa, na baridi ya meza, na kwamba niliangalia mkono wangu ukifungwa nikauona kama mkono wa mtu mwingine aliyekuja na shida zake. Sikuogopa. Ningeweza kusema ni ujasiri, na kwa watu nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu ndani, wala ujasiri wala hofu.

Nilirudi nyumbani baada ya wiki nyingi. Sikuruhusiwa kuinua ndoo, sembuse jembe. Masika yalikuwa yameshaanza, na nilitegemea kukuta matuta yameota majani mpaka magotini, kwa kuwa mke wangu hakuwa na fedha ya vibarua. Niliyakuta yamelimwa. Viazi vimepandwa, vimepandishiwa udongo. Mistari haikunyooka kama yangu, lakini ilikuwa mistari.

"Nani?" nilimuuliza mke wangu.

Alitaja kaya saba, moja moja, na siku ambazo kila moja ilishuka na jembe. Alizishika kichwani kama anavyoshika siku za kuzaliwa za wanetu. Zilikuwa siku ishirini na tatu za mtu.

"Ulikwenda kuwaomba?"

"Hakuna aliyeombwa. Walikuja Jumatatu, wakauliza tuanzie wapi."

Nilikaa kwenye kiti nje ya mlango. Nilijua naona aibu kwa sababu nilijua ndicho kitu kinachopaswa kuwapo mahali pale, lakini sikuisikia, kama unavyogusa ngozi ya kando ya kovu, unaona kidole kinagusa na ngozi haijibu.

Nilikwenda kwa yule daktari wa Lushoto kuonyesha kidonda. Alisoma barua ya rufaa, akaivua miwani.

"Figo ya kushoto imebaki inafanya kazi nusu," alisema. "Jiwe jingine kama lile, hutakuwa nayo. Chupa yangu uliifanyaje?"

Nilimwambia habari ya ndimu nane. Nilimwambia kila kitu, kwa utaratibu, kama ripoti ya zamu. Hakunigombeza. Aliuliza kama nina kitu cha kupimia uchachu, nami nikasema ninalo kopo zima. Alisema nipime mkojo wangu asubuhi kwa siku saba huku nakunywa ndimu zangu, nimletee rangi.

Nilipima. Siku zote saba karatasi ilionyesha uchachu ule ule, na mkojo ulikuwa wa njano iliyokolea kama mafuta ya mawese. Ndimu zilikuwa zimeua meno yangu tu. Nilimpelekea majibu yangu kwenye karatasi yenye mistari. Akachora mrija kwa kalamu.

"Ndimu siyo mbaya. Kamulia kwenye jagi la maji, unywe mchana kutwa, itakusaidia kidogo. Lakini haifiki kwenye figo ikiwa tindikali ya kuosha. Jiwe la namna yako haliyeyushwi na kitu cha kunywa. Sitreti inakamata ile chokaa ikiwa bado ndani ya mkojo, inaishika isikutane na wenzake. Kwa hiyo inanywewa wakati huumwi. Inanywewa hasa wakati huumwi."

Niliangalia mchoro. "Kila zamu," nilisema.

"Nini?"

"Kuna dawa tulikuwa tunaitia kila zamu. Bomba likiwa safi."

"Basi ulikuwa unajua," alisema, akaandika.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeijua kazi ile kuliko mtu yeyote Tanga, na nikachagua ile ya povu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili mpaka leo ninapoliandika.

Chupa za kahawia hospitalini zilikuwa zinapatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao. Lakini maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa kila mahali, na dereva wa lori la mboga alikubali kuniletea vidonge kutoka Dar es Salaam kwa cheti cha daktari. Vilikuwa vidonge vikubwa, vigumu. Daktari alisema nisivitafune wala kuvisaga, nivimeze kwa bilauri nzima ya maji baada ya kula, mara tatu kwa siku. Wiki ya pili nilikuta kwenye choo vidonge vile vile, vizima, kama nilivyovimeza. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, na nusu yake ilikuwa bandia: betri, saa, mbegu. Nikajua nimeuziwa plasta ya ukuta. Nilikiosha kimoja, nikakifunga kwenye karatasi, nikakipeleka Lushoto.

Daktari alikibonyeza kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kitupu, nta tu.

"Hili ni ganda," alisema. "Dawa inatoka polepole ndani, ganda linatupwa. Umekiosha kwa sabuni?"

"Ndiyo."

"Asante."

Nilipopima kwa karatasi zangu, rangi ilikuwa imehama kutoka uchachu kwenda katikati, na ikabaki pale. Daktari alinipima damu kila miezi michache, kwa sababu potasiamu ikizidi inasumbua moyo. Mzee jirani aliposikia kuna vidonge vya figo alikuja kuomba vinne vya mgongo wake. Alikuwa anatumia dawa za shinikizo la damu. Nilimwambia hapana. Alidhani nimebana, nami nikamwacha adhani, mpaka alipokwenda mwenyewe kwa daktari akaambiwa vingemdhuru. Hakuja kusema kitu, lakini mke wake alituletea plamu, kikapu kizima.

Nilikuwa na deni la siku ishirini na tatu, na sikutaka kulala nalo. Daktari alikuwa hajanipa ruhusa ya jembe, hivyo nilifanya kama msomi: nilikodi vibarua, nikawapeleka kwenye zile kaya saba, kila kaya kwa siku zake. Kaya zote ziliwapokea vizuri. Waliwapa chai na makande, wakawaambia wapumzike, wakawarudisha kwangu saa nne asubuhi, majembe yakiwa makavu.

Nilishuka kwa mzee jirani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Vibarua wako ni watu wazuri. Wanakula."

"Mbona mmewarudisha?"

"Hao hatuwadai."

"Mzee, mimi nimepasuliwa."

"Nimeona. Nilikubeba." Alikuwa anachonga mpini, hakuinua uso. "Tutangoja. Siku ya jembe haiozi. Lakini usituletee mtu mwingine. Hatukukulimia wewe ili tulimiwe na mtu tusiyemjua baba yake."

Hapo nikaelewa kinachodaiwa ni nini. Wangedai fedha, ningelipa siku ile ile, nilikuwa nazo. Walikuwa wanadai mwili wangu, ule wenye figo nusu, na kama mwili huo usingeweza kusimama kwenye mteremko, basi walichosema dukani kilikuwa kweli na ningekaa nacho maisha yangu yote. Nilimuuliza daktari swali moja: naweza kulima? Alisema baada ya miezi sita, kama sikosi dawa, kama natembea na maji, na kama kila ninapokojoa mkojo ni mweupe. Ukigeuka njano, niweke jembe chini, hata mstari uwe umebaki hatua moja.

Nilianza miezi sita ilipotimia. Nilikwenda na dumu la lita tano la maji yenye ndimu, na vidonge mfukoni. Siku ya kwanza nililima nusu ya alicholima mwenzangu wa kando, mwanamke mwenye wajukuu. Kila saa nilikwenda kichakani. Wakaanza kunihesabia.

"Fundi amekwenda tena kukagua bomba."

"Rangi gani, fundi?"

"Nyeupe," nilijibu.

"Basi lima."

Ikawa desturi. Nikitoka kichakani mtu anauliza rangi, nami najibu, na kazi inaendelea. Mara mbili ilikuwa njano, na mara zote mbili nikaweka jembe chini nikakaa kivulini nikinywa maji mbele ya watu wanaofanya kazi, jambo gumu kwangu kuliko kulima. Siku hizo mbili zilihesabiwa nusu nusu, na nilizirudia.

Ilinichukua misimu miwili, kaya moja baada ya nyingine. Sikupata jiwe. Picha niliyopigwa katikati ya msimu wa pili ilikuwa safi, pande zote mbili, na daktari aliishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Wale niliowafundisha ndimu nane niliwaambia waache, mmoja mmoja, na niliwaambia kwamba nilikosea, ingawa sikueleza nilikosea wapi.

Mzee jirani nilimbakiza mwisho, kwa sababu kila nilipokwenda kwake alisema, "Anza na wengine." Siku zake zilikuwa nne. Nilizilima mfululizo, katika juma moja la mwanzo wa masika, kwenye shamba lake la mteremkoni ambalo ni kali kuliko langu, unalima umeinama huku mguu mmoja umeushindilia kwenye shina la mgomba usiteleze. Siku ya nne yeye mwenyewe alikuja na jembe akalima kando yangu. Alikuwa mzee sana kwa kazi ile. Nilipunguza mwendo ili tusiachane, na nadhani aliona, maana na yeye akapunguza.

Tulifika ukingoni saa saba. Hakukuwa na tuta jingine.

"Imekwisha," alisema.

"Imekwisha."

Alikuna udongo kwenye jembe lake kwa kijiti. Mimi nilikuwa nimesimama nikingoja kitu kinijie. Nilikuwa nimeifikiria siku hiyo kwa muda mrefu, na nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri, juu ya masika mawili na juu ya mimi kuwa mimi. Sikudaiwa na mtu yeyote kwenye bonde lile. Niliangalia mikono yangu, ilikuwa na sugu mpya mahali ambapo miaka mingi palikuwa na sugu ya koki. Kilichonijia ni njaa.

Mke wake alileta ugali na maharage, tukala tumekaa kwenye majani. Nilimeza kidonge changu kwa bilauri ya maji. Mzee alinitazama mpaka kilipopita kooni.

"Hicho utakimeza mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

"Na huumwi."

"Siumwi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichonunua. Kisha akajifuta mikono.

"Jumatatu tuko kwa mama mwenye wajukuu," alisema. "Halafu Alhamisi tunakuja kwako, kama hujapata vibarua."

"Sijapata."

"Haya."

Nikamuuliza saa ngapi. Akasema saa kumi na mbili, kama kawaida. Nikachukua jembe langu na dumu lililobaki nusu, nikapanda kwenda nyumbani. Njiani nilisimama mara mbili kukojoa, na mara zote mbili ilikuwa nyeupe.